Mafuta yetu yatatosha miaka mingapi? Hesabu ipo, tujifunze kuisoma

Hakuna mfanyabiashara wa Nimule au Elegu asiyejua kwamba bei ya dola mjini Juba hufuata mafuta. Februari 2024, bomba linalobeba mafuta ya Paloch hadi pwani ya Port Sudan lilipasuka ndani ya Sudan, katika eneo la mapigano, na habari hazikukawia kufika mpakani. Malori ya unga, maharagwe na saruji kutoka Uganda yaliendelea kuja, lakini mnunuzi wa Juba alikuwa ameshika pauni zinazopungua thamani kila wiki. Watumishi wa umma, walimu wakiwemo, walikaa miezi bila mshahara.

Mafuta yalipoanza kusukumwa tena mapema 2025, watu walishusha pumzi. Mama mmoja anayeuza unga sokoni hapa Nimule aliniuliza, "Mwalimu, sasa bomba limepona. Dola itarudi, sivyo?" Nilimjibu, "Mama, bomba ni barabara tu. Tuulize pia shamba lina nini."

Hilo ndilo suala la makala haya. Hata bomba likiwa zima, na hata amani ikitawala kila kaunti, kisima cha mafuta hupungua chenyewe mwaka hadi mwaka. Kupungua huko si siri ya Mungu. Wahandisi hukukadiria kwa kompyuta, na makadirio yao huingia katika bajeti ya nchi, katika mikopo ambayo serikali hukopa kwa kuahidi shehena za mafuta zijazo, na mwisho katika mfuko wa mama muuza unga. Mimi ni mwalimu wa hisabati, si mhandisi. Nilisoma Kenya, kuanzia kambi ya Kakuma, nikarejea nyumbani mwaka 2006. Lakini nimegundua kwamba mzizi wa hesabu hii ni somo tunalolifundisha sekondari, na kwamba raia wa kawaida anaweza kuuliza maswali ya maana juu yake.

KILICHOMO ARDHINI

Wengi hudhani kwamba chini ya Paloch au Bentiu kuna ziwa la mafuta, na kazi ni kutumbukiza mrija na kunyonya. Sivyo. Mafuta yamo ndani ya mwamba, katika vitundu vidogo baina ya chembe za mchanga. Waliokaa Kakuma watanielewa upesi. Mto Tarach hukauka sehemu kubwa ya mwaka, na watu huchimba mashimo katika mchanga wake kutafuta maji. Shimo likiwa jipya maji huja kwa kasi. Baadaye unalazimika kukaa na kusubiri yachuruzike, na ukichimba shimo jingine karibu, yote mawili hugawana maji yale yale.

Kisima cha mafuta kina tabia hiyo. Mwanzoni shinikizo lililomo kwenye mwamba husukuma mafuta. Kadiri mafuta yanavyotolewa, shinikizo hushuka. Maji yaliyokuwa chini ya mafuta nayo hupanda na kuanza kutoka pamoja nayo. Kisima kikizeeka, pampu hupandisha maji mengi na mafuta kidogo, na maji hayo sharti yatenganishwe na yapelekwe mahali yasipodhuru watu wala mifugo. Gharama inapanda huku mapipa yakishuka. Pipa moja, kwa kumbukumbu, ni lita 159.

HESABU YA MWAKA 1945

Mwaka 1945 mhandisi aitwaye J. J. Arps alichapisha makala ya kitaalamu kuhusu namna visima vinavyopungua. Aliweka pamoja kanuni ambazo zinatumika hadi leo. Kanuni iliyo rahisi zaidi inasema hivi: kisima hupoteza asilimia ile ile ya uzalishaji wake kila mwaka.

Tuchukue kisima cha mfano, kinachotoa mapipa 1,000 kwa siku, na kinachopungua kwa asilimia 15 kila mwaka. Baada ya mwaka mmoja kitatoa mapipa 850. Baada ya miwili, 722. Baada ya mitano, 444. Baada ya kumi, 197 tu. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyepiga risasi, hakuna bomba lililopasuka.

Sasa mtaalamu mwingine aje aseme: la, kisima hiki kinapungua kwa asilimia 10, si 15. Baada ya miaka kumi atakuwa na mapipa 349 kwa siku badala ya 197. Ukijumlisha miaka yote kumi, tofauti ya wataalamu hawa wawili ni zaidi ya mapipa 420,000. Kwa bei ya dola 70 kwa pipa hizo ni karibu dola milioni 30 kabla ya kutoa gharama, kwa kisima kimoja tu. Wote wawili wametumia kanuni moja na kompyuta za aina moja. Wamepishana kwenye tarakimu moja waliyoiingiza.

Arps alionyesha pia kwamba visima vingine hupungua haraka mwanzoni kisha hupungua polepole, na mchoro wake huwa na mkia mrefu. Hapa ndipo penye kishawishi. Anayetaka kukopa, au kuuza hisa zake kwa bei nzuri, hupenda mkia mrefu. Anayenunua hupenda mfupi. Mchoro wa miezi michache ya mwanzo unaweza kukubaliana na wote wawili.

PROGRAMU ZINAFANYA NINI?

Hesabu ya Arps inaweza kufanywa kwa jedwali la Excel, na makampuni mengi huanzia hapo. Juu yake kuna programu za kazi maalumu. Kampuni ya Petroleum Experts ya Edinburgh, Uskoti, hutengeneza PROSPER, inayokokotoa kisima kimoja kinaweza kupandisha kiasi gani, na MBAL, inayofanya kazi kama daftari la benki: kilichotoka ni kiasi gani, shinikizo limeshuka kiasi gani, basi kilichobaki ni kiasi gani.

Kisha kuna programu kubwa zinazoiga mwamba mzima. ECLIPSE, inayomilikiwa na kampuni iliyojulikana kwa miaka mingi kama Schlumberger, ni mojawapo. Nyingine ni zile za CMG ya Calgary, Kanada. Mwamba hugawanywa katika vijisanduku maelfu, pengine mamilioni. Kila kijisanduku hupewa sifa zake: kina vitundu vingi au vichache, kinapitisha mafuta kwa urahisi au kwa shida, kina maji kiasi gani. Halafu kompyuta hukokotoa mafuta, maji na gesi vinavyohama kutoka kijisanduku kimoja hadi kingine, siku baada ya siku, kwa kanuni iliyotokana na majaribio ya maji na mchanga ya Mfaransa Henry Darcy, aliyoyachapisha mwaka 1856.

Kabla ya kutabiri kesho, programu hujaribiwa kwa jana. Mhandisi huiambia irudie miaka iliyopita, kisha hulinganisha majibu yake na yale ambayo visima vilitoa kweli. Yasipolingana, hubadilisha sifa za vijisanduku hadi yalingane. Hapa msomaji akae chonjo. Picha nyingi tofauti za mwamba zinaweza kulingana na historia ile ile, na kila moja ikatoa kesho yake. Ndiyo maana wahandisi waaminifu hawatoi tarakimu moja. Hutoa tatu: ya chini, ambayo kuna uwezekano wa asilimia 90 kuifikia au kuipita, ya kati, yenye asilimia 50, na ya juu, yenye asilimia 10. Bajeti ya nchi inayojengwa juu ya tarakimu ya juu ni nyumba iliyojengwa juu ya mchanga wa Tarach.

MALI BILA DAFTARI

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Programu, hata iwe ya bei gani, hula kile inacholishwa. Ikilishwa vipimo vibovu, hutapika utabiri mbovu, tena wenye rangi nzuri na michoro ya kuvutia.

Sisi tuna historia katika jambo hili. Mkataba wa Amani wa Januari 2005 ulisema kwamba baada ya majimbo yanayozalisha mafuta kupewa asilimia 2, mapato halisi ya visima vya Kusini yagawanywe nusu kwa nusu baina ya Juba na Khartoum. Mwaka 2009 shirika la Global Witness lilitoa ripoti iliyolinganisha takwimu zilizochapishwa na serikali na zile zilizochapishwa na kampuni ya China, CNPC. Kwa baadhi ya maeneo, takwimu za kampuni zilikuwa juu kwa kati ya asilimia 9 na 26. Tofauti kama hiyo inaweza kuwa na sababu zaidi ya moja. Mathalani, kipimo kimewekwa wapi: kabla ya maji kutenganishwa na mafuta, au baada yake? Lakini mwenye nusu ya mali alistahili kujua jibu siku ile ile, si kulisoma katika ripoti ya wageni miaka minne baada ya kutia saini.

Jambo hilo halikuisha na uhuru wa 9 Julai 2011. Makampuni huja na huondoka. Petronas ya Malaysia, iliyokaa nasi miaka mingi, ilitangaza mwaka 2024 kwamba inaondoka. Kampuni inapoondoka, watu hugombania mitambo, magari na majengo. Mali iliyo kubwa kuliko hayo ni kumbukumbu za kila kisima: shinikizo la kila mwezi, mafuta na maji ya kila siku, na mafaili ya programu zilizotumika. Bila hizo, mrithi huanza kukisia upya.

YASIYOONEKANA KWENYE KOMPYUTA

Ikumbukwe pia kwamba kuna mambo ambayo hakuna programu ya mwamba inayoyaona. Tulipopata uhuru visima vyetu vilitoa mapipa yapatayo 350,000 kwa siku, na karibu asilimia 98 ya mapato ya serikali yalitoka humo. Januari 2012 serikali ilifunga visima kwa sababu ya ugomvi na Khartoum kuhusu ada za bomba. Vilifunguliwa Aprili 2013. Desemba mwaka huo vita vikazuka, na visima vya jimbo la Unity vikafungwa tena hadi 2018 vilipoanza kurejea. Mafuta yetu yana nta nyingi. Yakisimama bombani hupoa na kuganda. Pampu zikilala muda mrefu huharibika. Kisima kilichofungwa hakirudi lazima pale kilipoachia, na mstari wa Arps haujui habari ya bunduki.

Bei nayo haimo ndani ya mwamba. Kwa makubaliano ya Addis Ababa ya Septemba 2012, kila pipa lililopita Sudan lililipiwa dola 9.10 au 11 kutegemea bomba, na juu yake dola 15 za kuifidia Khartoum, hadi zitimie dola bilioni 3 na ushee. Jumla, basi, ilikuwa dola 24.10 au 26 kwa pipa. Wakati wa kutia saini pipa liliuzwa kwa zaidi ya dola 100, na hakuna aliyelalamika sana. Januari 2016 bei ya dunia ilishuka chini ya dola 30. Toa mwenyewe uone kilichobaki kabla kampuni haijalipwa gharama zake. Mwezi uliofuata Khartoum ilikubali ada zifuate bei, lakini pauni ilikuwa imekwishaanguka. Desemba 2015, dola iliyokuwa ikiuzwa rasmi kwa pauni zisizozidi tatu na robo ilipanda hadi 18.5 kwa siku moja. Wafanyabiashara waliokuwa wameuza kwa mkopo siku hizo hawajasahau.

Kwa hiyo utabiri kamili una sehemu tatu: mwamba utatoa kiasi gani, njia itapitisha kiasi gani, na soko litalipa kiasi gani. Programu za wahandisi hujibu la kwanza. Mawili yaliyobaki ni kazi ya siasa na biashara.

SOMO LA DARASANI

Nilitaka wanafunzi wangu wa Senior Three waone jambo hili kwa macho yao. Takwimu za visima vyetu, kisima kwa kisima, sikuzipata. Nikatumia za Norway. Mwaka 2018 kampuni ya Equinor ilizitoa hadharani kumbukumbu zote za Volve, kituo cha mafuta cha Bahari ya Kaskazini kilichozalisha kuanzia 2008 hadi 2016. Mtu yeyote, hata wa Nimule, anaweza kuzisoma bila malipo ya kumbukumbu zenyewe.

Tulikuwa na kompyuta ndogo moja. Wanafunzi waliandika tarakimu kwenye daftari za mraba na kuchora mistari kwa penseli. Waliona Volve ikipanda hadi mapipa yapatayo 56,000 kwa siku, kisha ikianza kuteremka, ikipata nafuu kidogo kila kisima kipya kilipochimbwa, kisha ikiteremka tena. Nikawaambia wafunike miaka ya mwisho kwa karatasi na watabiri kwa kutumia miaka ya mwanzo. Kila kundi lilipata jibu lake. Wanorway wenyewe walitarajia Volve idumu miaka mitatu hadi mitano. Ilidumu minane na kutoa mapipa milioni 63. Binti mmoja akasema, "Mwalimu, kumbe hata wao walikosea." Ndiyo, nikamwambia, lakini kosa lao limeandikwa, na ndiyo maana wewe unaweza kujifunza kwalo.

Kinachotia moyo ni kwamba zana zenyewe hazina tena uzio uliokuwapo zamani. Leseni za programu kubwa bado ni ghali mno kwa shule au chuo cha kwetu. Lakini ipo programu iitwayo OPM Flow, ambayo taasisi za Norway zimeshiriki sana kuitengeneza. Haiuzwi, kila mtu anaruhusiwa kuitumia na kuichunguza, na inasoma mafaili ya mtindo wa ECLIPSE. Kijana wa Juba mwenye kompyuta nzuri, umeme wa kutegemewa na mwalimu anayejua kazi anaweza kujifunza juu ya zana hiyo hiyo wanayotumia wenzake wa Ulaya. Umeme na mwalimu ndivyo vilivyo haba.

MASWALI MATATU

Je, mfanyabiashara wa mpakani afanye nini na habari hizi? Ashike maswali matatu, na ayaulize kila anaposikia tarakimu ya mafuta redioni au katika hotuba.

Swali la kwanza: tarakimu hiyo ni ya kilichopimwa, au ni ya kinachotarajiwa? Waziri akisema nchi itafikisha mapipa kadhaa kwa siku, hiyo si sawa na kusema mwezi jana tulitoa mapipa kadhaa.

Swali la pili: ni tarakimu ya chini, ya kati au ya juu? Anayetoa moja tu, chukulia ni ya juu.

Swali la tatu: katika mapipa hayo, mangapi ni yetu? Kuna fungu la makampuni, ada za bomba, na mapipa yaliyokwisha kuuzwa kabla hayajatoka ardhini ili kulipa mikopo ya jana. Dola zinazofika Juba ni za yale yanayosalia.

Maswali haya yanawafaa pia jirani zetu. Uganda imejipanga kuzalisha mapipa 230,000 kwa siku katika kilele chake, 190,000 kutoka Tilenga na 40,000 kutoka Kingfisher. Mafuta yake nayo yana nta, ndiyo maana bomba lake la kilomita 1,443 hadi Chongoleani, karibu na Tanga, limesanifiwa kupashwa joto njia nzima. Mfanyabiashara wa Gulu au Hoima akumbuke kwamba kilele si uwanda usio na mwisho. Baada ya kilele mstari huteremka, Uganda kama Norway.

Kwa serikali yetu, ombi ni moja na halihitaji fedha nyingi. Norway huchapisha uzalishaji wa kila kituo chake cha mafuta, mwezi kwa mwezi, na mtu yeyote husoma. Sheria yetu wenyewe ya usimamizi wa mapato ya mafuta ya mwaka 2013 inataka uwazi, na inataka kuwe na mfuko wa vizazi vijavyo. Sheria ikifuatwa na takwimu zikichapishwa kisima kwa kisima, walimu wa hisabati watafanya mengine yaliyobaki bila kuombwa.

Muda haututoshi kama tunavyofikiri. Miaka ya uhuru, Benki ya Dunia ilieleza kwamba, kwa akiba iliyojulikana wakati ule, mafuta yetu yangeendelea kupungua hadi kuwa kidogo sana kufikia mwaka 2035. Vita na kufungwa kwa visima vimesogeza baadhi ya mapipa mbele, na akiba mpya huenda ikapatikana, lakini umbo la mstari ni lile lile. Mtoto aliyeingia Senior One mwaka 2025 akiwa na miaka 15 atakuwa na miaka 25 mwaka huo. Atakuwa anatafuta kazi, pengine anaanza familia, pengine anavuka daraja la Elegu na mzigo wake wa kwanza. Hatatuuliza tulikuwa na programu gani. Atauliza kama tulijua, na kama tulijua, tulilima nini wakati kisima kingali kinatoa.